Bomba la kuhamishia panya wa maabara: linachotoa na lisichoweza kutoa

Bomba ninalolitathmini hapa ni kipande cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kilicho wazi pande zote mbili, chenye kipenyo cha takriban milimita 50 na urefu wa takriban milimita 150. Linauzwa na wasambazaji mbalimbali wa vifaa vya maabara kwa kazi moja tu: kumtoa panya mdogo (yaani panya wa spishi ndogo, si mtoto wa panya) katika kizimba chake na kumfikisha penye mizani, meza ya uchunguzi au kizimba kingine bila kumshika mkia. Halina betri, halina kifuniko, halina sehemu inayosogea. Nimelitumia katika banda la panya wa utafiti kwa muda wa kutosha kuliona likichakaa, na nasema mapema kwamba linafaa kununuliwa na kila taasisi inayofuga panya. Yanayofuata ni sababu za hukumu hiyo, pamoja na mambo ambayo karatasi ya muuzaji inayadai ilhali plastiki haiwezi kuyatimiza, hasa dokezo kwamba taasisi ikishalinunua imemaliza wajibu wake kwa mnyama.

Thamani ya kifaa hiki haionekani mpaka mtu aitazame desturi ambayo kinakuja kuiondoa. Katika mabanda mengi panya mdogo huinuliwa kwa mkia: kifuniko cha kizimba hufunguliwa, mkono hushuka kutoka juu, vidole viwili hubana mkia karibu na shina lake, na mnyama huondoka chini akining'inia hewani, miguu yote minne ikitapatapa. Ni njia ya haraka, humwepusha mhudumu na meno, na kwa mtazamo wa juujuu haina ubaya wowote, kwa kuwa hakuna damu inayomwagika wala kilio kinachosikika, ingawa sehemu kubwa ya milio ya panya iko juu ya upeo wa sikio la binadamu, na kwa hiyo kimya chake hakithibitishi kitu. Kwa mnyama ambaye maumbile yamemfanya kuwa windo la bundi, mwewe na paka, kitu kinachomshukia kutoka juu na kumnyakua kina maana moja tu.

Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walichapisha katika jarida la Nature Methods utafiti uliolinganisha njia tatu za kumshika panya, yaani kwa mkia, kwa bomba, na kwa viganja viwili vilivyo wazi ambavyo mnyama hukaa juu yake. Panya walioshikwa mkia walikojoa na kunya zaidi wakati wa kushikwa, walimkwepa mtu aliyewashika, na walipowekwa kwenye kifaa cha kupimia wasiwasi, ambacho ni njia yenye umbo la msalaba iliyoinuliwa juu ya sakafu, mikono yake miwili ikiwa na kuta na miwili ikiwa wazi, walikaa zaidi penye kuta. Waliobebwa kwa bomba au kwa viganja walimsogelea mshikaji kwa hiari yao. Wanyama walikuwa wa aina ileile, chakula kilekile na banda lilelile, na kilichotofautiana kilikuwa mkono wa binadamu tu.

Tafiti zilizofuata zimeongeza uzito wa jambo hili kwa namna ambayo hata mtafiti asiyeguswa na habari za ustawi wa wanyama hawezi kuipuuza. Mwaka 2017 Kelly Gouveia na Hurst walionyesha kwamba panya waliozoea kushikwa mkia, walipopewa jaribio la kutofautisha harufu, hawakujishughulisha kuchunguza vya kutosha, hivyo wakaonekana kana kwamba hawawezi kutofautisha, ilhali wenzao wa bomba walitofautisha vizuri. Mwaka 2018 utafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle ulionyesha kwamba panya wanaoshikwa mkia hupata raha ndogo zaidi kutoka kwa maji yenye sukari, dalili ambayo watafiti wa afya ya akili huichukulia kuwa mojawapo ya alama za hali inayofanana na sonona. Mtu anaweza kutojali kabisa hofu ya panya na bado akalazimika kujali kwamba kipimo chake kimepima hofu badala ya dawa. Nami huongeza hapa, kwa wale wanaodhani kwamba mshikaji ni mtu wa pembeni tu katika jaribio, kwamba mwaka 2014 timu ya Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, ilionyesha kuwa harufu ya watafiti wanaume, hata ile iliyobaki kwenye fulana waliyokuwa wameivaa, ilitosha kuwatia panya msongo uliobadilisha namna walivyoonyesha maumivu. Mshikaji yumo ndani ya jaribio, apende asipende, na swali lililobaki ni kama kuwamo kwake kumepangwa au kumeachwa kijiendee.

Kulitumia bomba kwenyewe hakuhitaji ustadi mkubwa, lakini kunahitaji subira ambayo mkia hauidai. Mhudumu hulaza bomba juu ya maranda, mdomo mmoja ukimwelekea panya aliyejibanza pembeni, kisha kwa kiganja cha pili humzuia njia ya nyuma bila kumgusa. Panya hunusa ukingo, hutia kichwa, sharubu zake zikigusa plastiki kila upande, hurudi nyuma, husita, kisha huingia mzima kwa mpigo, kwa sababu upenyo mwembamba ndio mahali ambapo maumbile yamemfundisha kukimbilia. Bomba huinuliwa likiwa limelala, kiganja kimoja kikiwa karibu na kila mdomo. Mwenye macho mazuri ataona ukungu mdogo wa pumzi ukitanda kwenye plastiki na kufutika, na akiendelea kutazama ataona jinsi tumbo linavyopanda na kushuka, kama manyoya yamelala au yamesimama, kama macho yamefunguka au yamefinywa. Panya wangu mmoja alikuwa na kawaida ya kuingia na punje ya chakula mdomoni na kuendelea kuitafuna njia nzima hadi kwenye mizani. Mnyama anayening'inia kwa mkia hawezi kuchunguzwa hivyo, kwa maana dalili zote za afya huwa zimefunikwa na dalili za woga.

Hii ni faida ambayo wauzaji hawaitaji, na mimi naiweka juu ya nyingine. Tangu mwaka 2010 kumekuwa na kipimo cha maumivu kinachosoma uso wa panya mdogo, kikitazama kufinywa kwa macho, kuvimba kwa pua na mashavu, na mkao wa masikio na sharubu. Kipimo hicho kinahitaji mnyama aliyetulia na mtazamaji mwenye nafasi ya kumtazama, na bomba linalopitisha mwanga humpa mhudumu nafasi ya kumwangalia panya usoni kila siku, hata siku ambazo hakuna aliyemtuma kufanya hivyo. Katika kazi yetu panya huzoeleka kuwa namba kwenye kadi ya kizimba, na kifaa kinachomlazimisha mtu amsubiri mnyama aamue kuingia humlazimisha pia amwone. Hapo ndipo ninapoliona tendo la kimaadili la bomba hili, kwa kuwa usumbufu uliokuwa umebebwa na panya unahamishiwa kwa binadamu, ambaye ndiye aliyeutaka utafiti.

Dai la karatasi ya muuzaji kwamba panya «huingia wenyewe» ni kweli nusu. Panya wazima waliokwisha kulizoea huingia, na baadhi yao hulingojea, lakini wale walioachishwa kunyonya hivi karibuni huruka ovyo kila upande, na kwao bomba lisilozibwa ncha zote mbili kwa viganja ni mlango wa kuangukia sakafuni. Nasaba nazo hutofautiana. Wale weusi wa nasaba iitwayo C57BL/6 ni wepesi na wanahitaji mkono ulio tayari, ilhali wale weupe wa nasaba za kawaida zilizo pole huingia bila ubishi. Wakati wa kuwatoa, bomba huinamishwa kidogo karibu na maranda na panya huachwa atoke kinyumenyume au kwa mbele anavyopenda. Kulitikisa ili adondoke, jambo ambalo nimewaona wahudumu wenye haraka wakilifanya, ni kurudisha kwa mlango wa nyuma kila kilichotolewa kwa mlango wa mbele.

Wanaopinga kifaa hiki huja na hoja ya muda, nayo si ya kubeza, kwa sababu mhudumu mwenye vizimba mamia vya kusafisha kabla ya jioni hana anasa ya kumbembeleza kila panya. Hata hivyo utafiti wa Gouveia na Hurst uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba hata kubebwa kwa bomba kwa sekunde 2 tu, wakati wa kubadilisha maranda, kunatosha kuleta faida, bila vipindi maalumu vya mazoezi. Hoja ya pili ni kwamba panya atadungwa sindano hata hivyo, na kwa hiyo hakuna maana ya kumbeba kwa upole dakika moja kabla ya kumkamata ngozi ya ukosi. Hoja hii ina mvuto, lakini utafiti wa Newcastle wa mwaka 2020 uliipima moja kwa moja na kukuta kwamba faida ya bomba haikufutwa na kukamatwa, kudungwa na kulazwa kwa dawa ya usingizi mara kwa mara. Kwangu mimi hoja hiyo ina kasoro nyingine iliyo kubwa zaidi. Kusema kwamba maumivu yasiyoepukika yanahalalisha yale yanayoepukika ni mwenendo wa fikra ambao, ukiachwa uendelee, hauna mahali pa kukomea.

Hoja ya tatu ndiyo pekee ninayoiheshimu kikamilifu, nayo ni ya mtafiti mwenye mradi ulio katikati. Kama nusu ya vipimo vyake vimetoka kwa panya walioshikwa mkia, kubadili njia ya kuwashika leo kutatia tofauti isiyotokana na dawa anayoipima, na wanyama waliotumika tayari watakuwa wameteseka bure. Ushauri wangu kwake ni kumaliza mradi kwa njia aliyoanza nayo, kuandika njia hiyo waziwazi katika ripoti, na kuanza mradi ujao kwa bomba tangu siku panya wanapoachishwa kunyonya. Mwongozo wa ARRIVE, uliotolewa mwaka 2010 na kuhuishwa mwaka 2020, unataka ripoti za tafiti za wanyama zieleze mazingira na namna wanyama walivyotunzwa, na njia ya kuwashika inastahili kuandikwa humo kwa sentensi nzima badala ya kuachwa msomaji akisie.

Sasa nije kwenye plastiki yenyewe, kwa kuwa hapa mnunuzi anaweza kudanganyika. Mabomba mengi hutengenezwa kwa akriliki au kwa polikaboneti, na katika picha ya tangazo hayatofautiani. Akriliki ni angavu zaidi na haichubuki upesi, lakini hulegea katika joto la karibu nyuzi 100, hivyo haiwezi kuingia katika otoklevu inayotakasa kwa mvuke wa nyuzi 121, na bomba la akriliki likiingizwa humo kwa kutojua hutoka limepinda na halifai tena. Polikaboneti huvumilia mvuke huo, ingawa si milele: baada ya kutakaswa mara nyingi hupoteza uangavu, hupata ufa mwembamba kama utando, na ukingo huanza kumeguka. Taasisi inayotakasa kila kitu kwa mvuke inapaswa kununua polikaboneti na kupanga bajeti ya kuyabadilisha, na ile inayoosha kwa sabuni na maji ya moto wa wastani itaridhika na akriliki.

Kuchakaa huko si suala la sura tu. Mwaka 1998, katika maabara ya Patricia Hunt nchini Marekani, mayai ya panya yalianza ghafla kuonyesha kasoro za kromosomu zisizokuwa na maelezo, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulifichua kwamba vizimba na chupa za maji za polikaboneti zilikuwa zimeoshwa kwa sabuni kali ya sakafu, zikaharibika, na kuanza kuvuja kemikali ya bisfenoli A inayoiga homoni. Tukio hilo lilizaa mkondo mzima wa utafiti kuhusu kemikali hiyo, lakini kwa mtunza wanyama fundisho lake ni la karibu zaidi: plastiki iliyopauka au kupata nyufa imekwisha muda wake, hata kama bado inashika panya. Karatasi za wauzaji nilizozisoma hazikutaja ni mara ngapi bomba linaweza kutakaswa kabla ya kutupwa, wala sabuni gani isiguse polikaboneti. Kwa kifaa kinachouzwa kwa jina la ustawi wa mnyama, huo ni upungufu mkubwa.

Kingo nazo zataka kukaguliwa. Katika shehena moja niliyoipokea mabomba yalikuwa yamekatwa kwa msumeno na kuachwa hivyo, ukingo ukiwa na miiba midogo ambayo kidole kiliihisi kabla jicho halijaiona, nasi tulilazimika kuyasugua kwa msasa mmoja baada ya jingine kabla ya kuyaingiza bandani. Mkono wenye glavu hauhisi miiba hiyo, basi ni vizuri kuyakagua kwa kidole kitupu siku ya kuyapokea. Kipenyo cha milimita 50 kinamtosha panya mdogo wa kawaida, lakini jike mwenye mimba iliyokomaa na wale wa nasaba za unene hugeuka kwa shida humo, na kwao ni bora kuagiza lililo pana zaidi. Panya wakubwa wa maabara, ambao ni spishi nyingine, hawahusiki na kifaa hiki hata kidogo. Wao hubebwa kwa mkono unaokumbatia kifua na kutegemeza miguu ya nyuma, na muuzaji anayewauzia wateja bomba lilelile kwa wanyama wote wawili haijui kazi yake.

Kuna toleo lenye rangi nyekundu ambalo hugharimu zaidi kidogo, na kwa maoni yangu fedha hiyo haipotei. Panya huona vibaya sana mwanga mwekundu, hivyo ndani ya bomba jekundu yeye huwa gizani huku mhudumu akiendelea kumwona. Likiachwa ndani ya kizimba, bomba hili hugeuka kuwa maficho ya kudumu, na siku ya kumhamisha mnyama huwa hakuna haja ya kuleta kitu kigeni. Ninapendekeza kila kizimba kiwe na bomba lake, si kwa sababu panya hulikataa la jirani, maana tafiti zinaonyesha kwamba hata bomba linaloletwa kutoka nje hufanya kazi, bali kwa sababu bomba linalozunguka vizimba vyote huzungusha pia vimelea na harufu za madume wageni. Taasisi isiyo na uwezo wa kununua mengi inaweza kutumia mabomba ya karatasi ngumu yanayotupwa baada ya matumizi. Hayapitishi mwanga, hivyo faida ya kumtazama panya hupotea, lakini faida ya kutomshika mkia inabaki.

Nimeyasifu ya kutosha, na sasa nageukia dokezo la muuzaji nililolitaja mwanzoni. Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch, wanasayansi wawili wa Uingereza, walipendekeza kwamba mtafiti anayetaka kutumia mnyama ajiulize mambo matatu: kama anaweza kutumia njia isiyohitaji mnyama, kama anaweza kutumia wanyama wachache zaidi, na kama anaweza kupunguza mateso ya wale wanaobaki. Mpangilio huo, wa kubadili, kupunguza na kuboresha, umeingia katika sheria na kanuni za nchi nyingi, likiwemo agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2010. Bomba ni chombo cha hatua ya tatu, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote kuinunua, kuipiga picha na kuiandika katika ombi linalopelekwa kwa kamati ya maadili. Wasiwasi wangu ni kwamba kamati ikiona mabomba, matandiko ya kiota na orodha ya dawa za maumivu, hulegea katika swali la kwanza, lile la kama wanyama hao walihitajika kabisa.

Swali hilo halijibiwi kwa plastiki, na majibu yake yanabadilika. Umoja wa Ulaya ulikamilisha mwaka 2013 marufuku ya kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama, na mwaka 2022 Marekani ilibadilisha sheria yake ya dawa ili majaribio ya wanyama yasiwe sharti la lazima kabla ya dawa mpya kujaribiwa kwa binadamu, ikiruhusu njia nyingine kama vile seli zilizooteshwa na hesabu za kompyuta kutumika kama ushahidi. Wakati huohuo, dawa na chanjo nyingi tunazozitumia zilipita kwa wanyama, na insulini, ambayo Banting na Best waliifanyia kazi kwa mbwa huko Toronto mwaka 1921, ni mfano ambao mtu mkweli hawezi kuuruka. Mimi si miongoni mwa wanaodai kwamba mabanda yote yafungwe kesho. Nasema tu kwamba mradi usiostahili kufanywa haustahili zaidi kwa sababu panya wake walibebwa vizuri.

Hatua ya pili, ile ya kupunguza idadi, ingeweza kunufaika na bomba kuliko watu wanavyodhani. Wanyama wenye hofu ndogo hutoa vipimo visivyotawanyika sana, na vipimo visivyotawanyika vinaweza kufikia jibu kwa wanyama wachache. Hilo hutokea tu iwapo mtafiti atarudi kwenye hesabu yake ya sampuli na kuipanga upya kwa vipimo vya banda lake mwenyewe, jambo ambalo katika maombi niliyowahi kuyaona halikufanywa. Bomba lilinunuliwa, idadi ya panya ikabaki ileile kama ya mradi uliotangulia.

Umuhimu wa kifaa hiki unazidi pale sheria inapokuwa nyembamba. Sheria ya Marekani ya ustawi wa wanyama, iliyopitishwa mwaka 1966, haiwahesabu panya wadogo na wakubwa waliofugwa kwa ajili ya utafiti kuwa wanyama wanaolindwa nayo, na mwaka 2002 bunge la nchi hiyo liliuweka utaratibu huo ndani ya sheria yenyewe, ingawa taasisi zinazopokea fedha za serikali za utafiti wa afya hubanwa na kanuni nyingine zinazowahusu wanyama wote wenye uti wa mgongo. Panya ndiye mnyama anayetumika zaidi katika maabara, na kwingine ndiye anayelindwa kidogo zaidi. Kwa mnyama wa namna hiyo, mazoea ya banda na tabia ya mhudumu humfikia mapema kuliko kifungu chochote cha sheria.

Limebaki jambo ambalo wahudumu huulizana wenyewe kwa wenyewe na ambalo sijaliona likijadiliwa katika karatasi yoyote ya mauzo. Panya aliyezoeshwa kuingia bombani kwa hiari ataingia kwa hiari vilevile siku ya mwisho, anapopelekwa kuuawa. Wapo wanaosema kwamba huo ni usaliti, na kwamba ni heri mnyama asimwamini kabisa mtu atakayemuua. Nimelipima neno hilo kwa muda mrefu na silikubali, kwa sababu panya hakuingia mkataba na yeyote. Anachoishi ni kila siku kwa siku yake, na wiki kadhaa zisizo na hofu ni zake zote, hata kama mwisho haubadiliki. Isitoshe, gesi ya kaboni dioksidi ambayo mabanda mengi huitumia huwasumbua panya kabla hawajapoteza fahamu, hata inapoingizwa polepole kama miongozo inavyotaka, na kumwongezea mnyama hofu ya kuninginizwa kabla ya hapo ni ukatili usio na faida kwa mtu. Ikiwezekana asihamishwe kabisa, bali gesi iletwe kwenye kizimba chake mwenyewe, na ikibidi kuhamishwa, bomba lake ndilo limpeleke.

Anayeumia zaidi kwa mpango huu ni mhudumu. Aliyemsubiri panya aamue, akamwona akitafuna punje yake, hataweza kutia alama kwenye kadi ya kizimba kwa wepesi ule wa zamani, na taasisi nyingi hazina utaratibu wowote wa kumsaidia. Sioni hili kuwa sababu ya kuacha bomba, ila naona ni gharama halisi ya kifaa ambayo haimo katika bei, na mkuu wa banda anapaswa kuihesabu kwa kupanga zamu ili mtu aliyewalea wanyama asilazimike kila mara kuwa ndiye anayewaua, na kwa kumpa nafasi ya kusema neno pale kamati inapojadili mradi unaofuata.

Kwa anayetaka kuagiza, ningeanza na vizimba vya rafu moja badala ya banda zima, nikichagua wahudumu wanaotaka kujaribu kwanza, kwa sababu njia mpya inayolazimishwa hufanywa kwa mikono ya ukali, na panya huujua ukali huo hata ndani ya bomba. Muuzaji aulizwe kabla ya malipo ni plastiki ya aina gani, inavumilia joto gani na kwa mizunguko mingapi, na kama kingo zimelainishwa. Kama hawezi kuyajibu hayo kwa maandishi, agizo lipelekwe kwa mwingine.